Mnyonya damu aliyegeuka mchumba

Katika shule nyingi za sekondari za mkoa wa Kilimanjaro, kama ilivyo kwingineko nchini, kitabu cha hadithi ya mapenzi kikionekana mikononi mwa msichana wakati wa kujisomea jioni hunyang'anywa papo hapo. Huingia katika saraka ya meza ya mwalimu wa zamu, na mara nyingi hakitoki tena. Mwalimu mwenyewe hakukifungua. Ametazama jalada, akaona viganja vyeupe vilivyoshika tufaha jekundu, akatosheka kwamba huo ni upuuzi wa Kizungu. Msichana naye amejifunza jambo moja tu kutokana na tukio hilo: kwamba mara nyingine akifiche vizuri zaidi.

Kitabu chenye tufaha hilo kinaitwa Twilight, na ni cha kwanza katika mfululizo ulioandikwa na mwanamke wa Kimarekani, Stephenie Meyer. Vitabu vinne vikuu vya mfululizo huo vilitoka kati ya mwaka 2005 na 2008. Vimeuzwa nakala zaidi ya milioni 100 duniani, na filamu 5 zilizotokana navyo zilionyeshwa kati ya mwaka 2008 na 2012. Si vitabu vipya, basi. Lakini katika mji kama Moshi vitabu vya namna hii havizeeki upesi. Hufika kama zinavyofika nguo za Soko la Memorial, vikiwa vimekwisha kuvaliwa na wengine. Hupita kutoka bweni hadi bweni mpaka jalada linang'oka. Na siku hizi hupita pia katika simu wakati wa likizo, mahali ambapo hakuna mwalimu wa zamu.

Yafaa hadithi yenyewe isimuliwe kwa ufupi, kwa kuwa wengi wanaoilaani hawaijui. Bella Swan, msichana wa miaka 17, anahamia kwa baba yake, mkuu wa polisi wa Forks, mji mdogo wenye mvua nyingi katika jimbo la Washington. Shuleni anakutana na Edward Cullen, kijana mzuri wa sura, tajiri, mwenye adabu, na mwenye mwili wa baridi kama jiwe la mtoni. Kijana huyo ni mnyonya damu. Alizaliwa mwaka 1901. Mwaka 1918 alikuwa mahututi kwa yale mafua makuu yaliyoizunguka dunia na kuua watu wengi hata huku Afrika Mashariki. Daktari aliyemwuguza akamgeuza kiumbe asiyekufa, na tangu siku hiyo ana miaka 17. Yeye na jamaa zake wamejikataza damu ya binadamu, huwinda wanyama wa msituni. Wanapendana na Bella. Katika kitabu cha pili anamwacha. Katika cha tatu anashindana na Jacob Black, kijana wa kabila la Quileute anayegeuka mbwamwitu. Katika cha nne wanaoana, msichana anashika mimba inayomvunja mifupa, na ili asife anageuzwa kuwa mnyonya damu kama mumewe.

Mzee wa Marangu au wa Kibosho akisimuliwa habari hiyo atauliza swali moja: tangu lini mnyonya damu akaposa?

Na swali lake si la mtu aliyebaki nyuma. Kwa kizazi kilichokulia chini ya ukoloni, mnyonya damu aliitwa mumiani, na hakuja na maua. Neno hilo kwa asili lilikuwa jina la dawa nyeusi mfano wa utomvu, iliyosemekana kutoka Uajemi. Lakini kamusi ya Kiswahili ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, ilikwisha kueleza kwamba wenyeji wengi waliamini dawa hiyo kuwa ni damu iliyoganda ya watu waliouawa, na kwamba uvumi wake ukizuka mjini watu walikuwa hawatoki nje baada ya jua kutua. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, alikusanya masimulizi ya namna hiyo kutoka nchi mbalimbali za Afrika Mashariki na ya Kati: watu walidai kwamba wazima-moto, askari na watumishi wengine wa serikali ya kikoloni ndio waliowakamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Maofisa wa Kiingereza waliucheka uvumi huo, wakauita ushirikina. Hawakuona kwamba mtu aliyetozwa kodi ya kichwa, akapelekwa kufanya kazi shambani mwa mgeni, akarudi nyumbani amekonda na mikono mitupu, alikuwa ameeleza hali yake kwa usahihi mkubwa aliposema kwamba damu yake imenyonywa.

Si ajabu, kwa hiyo, kwamba siasa ya baada ya Uhuru ililichukua neno hilo hilo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka mbele ya taifa shabaha ya nchi isiyo na unyonyaji, na kwa miaka mingi iliyofuata mnyonyaji alisemwa mikutanoni kuwa ni kupe, na mirija yake ikaamriwa ikatwe. Walimu wengi wenye umri wa kukaribia kustaafu walilisikia neno hilo wakiwa bado hawajajua kusoma.

Sasa mjukuu wa watu hao amejifunika shuka bwenini, anasoma habari za mnyonya damu mwenye gari la Volvo linalong'aa. Familia ya kijana huyo ina mali isiyokwisha, na chanzo kimoja cha mali hiyo kimeelezwa wazi: mmoja wa dada zake huona mambo yajayo, na kwa hiyo hujua ni hisa zipi zitakazopanda bei. (Mwalimu wa uraia anayetafuta mfano wa utajiri usiotokana na jasho hana haja ya kwenda mbali.) Katika kurasa zote hizo hakuna anayemwita mtu huyo mnyonyaji. Anaitwa mpenzi.

Huku mlimani kuna hadithi ya kale zaidi kuliko mumiani, na inagusa jambo lenyewe kwa karibu zaidi. Ni ngano ya msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijijini, huyu mfupi, yule maskini, yule mweusi mno, mpaka akatokea mgeni mzuri asiyejulikana ametoka wapi, akamkubali siku hiyo hiyo. Mgeni alikuwa zimwi, yule ambaye Wachagga humwita irimu. Ngano hiyo husimuliwa kwa namna nyingi katika Afrika Mashariki: mahali pengine ni mdogo wake aliyewafuata kwa siri ndiye anayemwokoa, mahali pengine msichana anagundua kinywa cha pili kisogoni, kimefichwa na nywele. Maana yake ni moja. Uzuri wa mgeni ni ngozi tu, na anayekupenda kabla ya kukujua huenda ana njaa.

Stephenie Meyer amechukua ngano hiyo hiyo, bila ya kuijua, akaipindua. Zimwi lake lina njaa kweli, na linakiri. Lakini linajizuia, na kujizuia huko ndiko kunakohesabiwa kuwa mapenzi. Hapo ndipo ulipo uzito wa vitabu hivi, na hapo ndipo mwalimu mwenye saraka iliyojaa alipopitwa.

Kwa maana msichana wa miaka 16 hasomi kama watu wazima wanavyodhani. Msichana huyo hana haja ya kupewa jina. Yumo katika kila kidato cha tatu kutoka Rombo hadi Machame. Anayo sababu nzuri ya kukipenda kitabu. Bella si malkia. Ni msichana wa kawaida anayejikwaa penye tambarare, anayempikia baba yake chakula cha jioni, asiyejiona kuwa na kitu cha kutazamwa. Msichana ambaye likizo yake huishia kukata majani ya ng'ombe na kumenya ndizi anamtambua mara moja. Tena kinachomvutia kwa Edward si uzuri tu, bali ni lile ambalo wazazi wangelishangilia kama wangelisoma: kijana huyo anakataa kumwingilia msichana kabla ya ndoa. Kwa binti ambaye kila jioni njia yake ya kwenda nyumbani imejaa wanaume wa kumpigia mluzi na kumwahidi chipsi, mwanamume anayejua kujizuia ni kiumbe wa ajabu kuliko mnyonya damu.

Lakini binti huyo huyo, akifika kitabu cha pili au cha tatu, huanza kuhesabu. Mwanamume aliyezaliwa mwaka 1901 akimpenda msichana wa kidato mwaka 2005 amekwisha kupita miaka 100. Kampeni ya redio iliyovuma nchini miaka ya 2008 na 2009 iliwapa Watanzania jina la mwanamume mtu mzima anayewanyemelea wanafunzi: fataki. Kwa hesabu ya darasa la nne, Edward ni fataki, tena babu wa mafataki wote. Isitoshe, kwa muda mrefu alikuwa akiingia chumbani mwa Bella usiku ili amtazame akiwa amelala, na Bella hana habari. Katika kitabu cha tatu anaiharibu injini ya gari la Bella ili asiende kumtembelea Jacob. Mwandishi anataka msomaji aone hapo ulinzi wa mwenye mapenzi. Msomaji wa Moshi, ambaye huenda amemwona shangazi au jirani akinyimwa ruhusa ya kwenda hata kwao, ana haki ya kuuliza kama huo ni ulinzi au ni kifungo.

Kisha kuna suala la shule. Bella anapata nafasi Dartmouth, mojawapo ya vyuo vinavyoheshimiwa sana Marekani, wala haendi. Anaolewa na miaka 18, mara tu baada ya kumaliza sekondari. Pengine katika mji wa Forks jambo hilo hupita bila kelele. Katika vihamba vya Kilimanjaro halipiti. Hapa wakulima waliunda chama chao cha kahawa mwaka 1925, wakawa na KNCU tangu mwaka 1933, na kwa miongo mingi kahawa hiyo ndiyo iliyolipa ada za watoto. Binti anayesoma kwamba shujaa wake ameacha chuo kikuu ili awe na mume asiyekufa anajua, bila kuelezwa na mtu, ni magunia mangapi yametupwa mtoni. Na anapofika kwenye mimba ile ya kitabu cha nne, iliyomdhoofisha mama yake mpaka anakunywa damu kwa kikombe, hana budi kuwakumbuka wasichana aliokuwa nao darasani ambao hawakurudi. Ni mwezi Novemba mwaka 2021 tu ndipo Serikali ilipotangaza kwamba mwanafunzi aliyeacha shule kwa ajili ya mimba ataruhusiwa kurejea masomoni katika mfumo rasmi. Wapo waliotangulia ambao tangazo hilo liliwakuta wana watoto wa kwenda shule wenyewe.

Hayo yote binti anayawaza, na hana wa kuzungumza naye. Mama hakukisoma kitabu. Mwalimu amekifungia sarakani. Rafiki zake wamegawanyika makundi mawili, wa Edward na wa Jacob, na hapo mjadala umekwisha.

Watumishi wa idara ya elimu watakumbuka kwamba nchi hii imekwisha kuipita njia hiyo mara moja. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, hadithi ya msichana wa Ukerewe ambaye baba yake alimchunga kwa ukali mno, akampiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, hata alipoondoka nyumbani hakujua namna ya kusimama mbele ya mwanamume yeyote. Kitabu hicho kilieleza, kwa masikitiko makubwa, madhara ya kumlea binti kwa kumnyamazisha. Kikapigwa marufuku mashuleni. Baadaye marufuku ililegea, na riwaya hiyo ikaja kufundishwa madarasani. Wasichana wa miaka ya katikati walikisoma vile vile, kwa kificho, bila mtu wa kuwasaidia kuelewa kwamba Kezilahabi hakuwa upande wa wale waliomwangamiza Rosa.

Wapo watakaosema kwamba Rosa Mistika ni ya nyumbani, bali Twilight ni kasumba, na kasumba dawa yake ni kuchomwa moto. Hoja hiyo haisimami. Mwalimu Nyerere, ambaye hakuna anayeweza kumshitaki kwa kuabudu mambo ya Kizungu, alimfasiri Shakespeare mara mbili: Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Tena tamthilia hiyo ya pili ni habari ya mdai aliyetaka alipwe ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake, akashindwa kwa sababu ya tone la damu. Mwalimu hakuikataa kwa kuwa imetoka ng'ambo. Aliileta katika Kiswahili, na katika anuani yake neno la Kiingereza lenye maana ya mfanyabiashara akalifanya bepari, ili msomaji ajue tangu jalada anasoma habari za nani. Hivyo ndivyo hadithi ya kigeni inavyopokewa na watu wenye akili zao: inakaribishwa, inaketishwa, inaulizwa maswali.

Ila ni kweli kwamba binti huyo ana kitu cha kudai. Kaka zake wa miaka ya 1970 na 1980 walikuwa na mfululizo wao. Elvis Musiba aliwapa Willy Gamba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974. Ben Mtobwa akawapa Joram Kiango. Hivyo navyo vilisomwa chini ya madawati, vikanyang'anywa, na vikawafunza vijana wengi Kiswahili chepesi kuliko walichokipata darasani. Lakini vilikuwa vitabu vya bastola na wapelelezi, na wanawake waliomo wengi wao ni wa kupamba safari ya shujaa. Mfululizo wa Kiswahili ambao ndani yake msichana wa miaka 16 ndiye anayependa, anayeogopa, anayekutana na mambo ya ajabu na kuamua, ni vigumu kuuona katika rafu za maduka ya vitabu. Hata Tuzo ya Burt, iliyowashughulikia vijana wa sekondari hapa nchini kwa miaka kadhaa, ilitolewa kwa vitabu vya Kiingereza.

Si kwamba malighafi imekosekana. Karne moja iliyopita mchungaji wa Kijerumani, Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi, aliandika ngano alizosimuliwa na wazee wa hapo, akazichapisha Leipzig mwaka 1914 katika kitabu cha Kijerumani. Mojawapo ni ya Murile, kijana aliyeketi juu ya kigoda cha baba yake, akakiamuru kipae, kikampeleka mpaka nchi ya Mwezi. Huko akawakuta watu wanaokula vyakula vibichi, akawafundisha moto, akatajirika kwa ng'ombe. Alice Werner aliisimulia upya kwa Kiingereza mwaka 1933. Hivyo mtoto wa Leipzig na mtoto wa London walikwisha kuweza kumsoma Murile kitabuni katika siku ambazo babu za binti huyu walimjua kwa masikio tu. Petro Itosi Marealle, mangi wa Marangu, aliandika kwa Kiswahili kitabu cha Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera mwaka 1947, na gazeti la Wachagga la miaka ya 1950, lililoitwa Komkya, yaani kumekucha, lilichapishwa kwa Kiswahili na kujaa hoja za wasomaji. Wazee hao hawakuona kwamba Kiswahili ni kifinyu kwa mambo ya dunia wala ya ahera.

Tena wenyewe Quileute, ambao Meyer aliwafanya mbwamwitu, si watu wa kubuni. Ni kabila la kweli, lenye ngano za kweli za asili yake na mbwamwitu, linalokaa La Push kando ya bahari ya Pasifiki. Wakati jina lao likiuzwa katika fulana na mikufu, wao walikuwa wakidai ardhi ya mwinuko ili shule yao isizolewe na mawimbi ya tsunami. Sheria ya kuwapa ardhi hiyo ilipitishwa mwaka 2012, mwaka ule ule ilipotoka filamu ya mwisho. Watu wa Kilimanjaro, ambao mlima wao umechorwa katika chupa za bia na vibandiko vya watalii, wanaweza kulielewa jambo hilo bila mkalimani. Lingekuwa somo zuri la kipindi kizima.

Taasisi ya Elimu imeanza kulipa deni hili kwa Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Ni hatua ya kupongezwa. Waamuzi wa tuzo hiyo wangefanya vema wakiwatazama kwa jicho la pekee waandishi wanaowaandikia wasichana wa umri huu, na wasiogope mapenzi yakiwamo, maana yasipokuwamo binti atarudi Forks. Lakini tuzo huchukua miaka kuzaa kitabu, na kitabu huchukua miaka kufika Rombo. Mwalimu wa zamu hana haja ya kungoja. Saraka yake inazo nakala. Cha kwanza kina kurasa karibu 500, Kiingereza chake ni chepesi, na likizo ya mwezi Juni inatosha.